Kipimo cha virusi kwa hofu ya saratani ya matiti: usitoe hela

Vipimo vya EBV (kirusi cha Epstein-Barr) na HPV (kirusi cha papiloma) vinapatikana maabara nyingi binafsi, na aliyesikia kwamba virusi huenda vinachangia saratani ya matiti anashawishika kuvilipia. Kwa kazi hiyo tunavipa nyota 1 kati ya 5.

EBV ndiyo inayokula hela bure zaidi. Kinachopimwa kwenye damu ni kingamwili za IgG (alama kwamba mtu aliwahi kuambukizwa), ambazo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanazo. Jibu la "chanya" halikuambii lolote kuhusu titi lako. Hata PCR (kipimo kinachotafuta DNA ya kirusi) ya kinyama chenyewe, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe, ina mtego wake: uvimbe huingiwa na seli nyeupe za damu, na EBV hujificha humohumo, kwenye limfosaiti B. PCR inachanganya seli zote, hivyo haijui kirusi kimetoka kwenye seli ya saratani au kwenye seli mgeni. Kipimo cha EBER (RNA ya EBV ndani ya seli) ndicho kinachoonyesha kwa hadubini kirusi kiko seli ipi. Tafiti zilizotegemea PCR peke yake zisomeni kwa tahadhari.

HPV ni kipimo kizuri sana, ila cha shingo ya kizazi. WHO inashauri kuanza na miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU aanze na 25, kila miaka 3 hadi 5. Kilipie kwa sababu hiyo, titi liache.

Wazo lenyewe kwamba virusi huenda vinachangia si la kubeza. Mwaka 1936 John Bittner alionyesha kwamba panya huambukizwa saratani ya matiti kupitia maziwa ya mama. Kirusi kinachoisababisha kwa panya ni MMTV (kirusi cha uvimbe wa matiti ya panya). Kwa binadamu, IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, haijathibitisha kirusi chochote kuwa chanzo cha saratani hiyo. Na DNA ya panya, ambayo hubeba MMTV, ikichafua kemikali za maabara, hata kidogo tu, majibu ya MMTV yanatoka chanya ya uongo.

Ukiwa na uvimbe, hela iende kwenye altrasaundi (na mamografia, hasa ukiwa umevuka miaka 40), kisha kinyama kwa sindano nene, ya geji 14 kwa kawaida. Hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Kinyama kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa 1 tangu kitolewe, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kikichelewa kuingia, au kikitolewa mapema, vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazoshika homoni hiyo) vinaweza kusomeka hasi ilhali vipo, na mgonjwa akanyimwa tamoxifen, dawa ya kuzuia estrojeni, iliyomfaa. Muulize anayekitoa: saa ya kutolewa na saa ya kuingia formalini zimeandikwa kwenye fomu? Kama hazipo, ziandikwe hapohapo kabla kichupa hakijapelekwa maabara.