Bomba la gesi katika nyumba mpya Uyole: kazi safi, tundu pasipostahili

Wengi tunaojenga Uyole, hapa Mbeya, siku hizi hatungoji nyumba iishe ndipo tuburute mtungi hadi jikoni. Tunalaza bomba la shaba ukutani kabla ya kupiga lipu, na mtungi unakaa nje katika kibanda chake. Mwezi Juni niliwapa kazi hiyo mafundi wa duka moja la vifaa vya ujenzi, ambalo sitalitaja kwa kuwa kosa lao walilirekebisha wenyewe.

Bomba halina kasoro. Kipande kimoja kisicho na kiungo kimetoka kibandani hadi nyuma ya jiko, kikivishwa ala ya plastiki pale kinapopenya tofali, na kabla ya lipu walikijaza hewa wakaacha geji usiku kucha. Asubuhi mshale ulikuwa palepale. Mtungi ulipounganishwa, fundi mkuu alipaka povu la sabuni kwenye kila nati, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, hadi nati ya regulata ilipotoa kipovu kidogo kama jicho la dagaa. Akaikaza, akapaka tena.

Tatizo lilikuwa tundu la hewa, ambalo walilitoboa karibu na dari kwa sababu, walivyosema, ndivyo walivyozoea Dar es Salaam. Huko zipo nyumba zilizounganishwa na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu. Bomba lililokamilika mwaka 2015 linatoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, si huku kwetu. Sisi tunatumia gesi ya mitungi, yaani propani na butani, na hata propani, iliyo nyepesi kati ya hizo mbili, ina uzito wa takriban mara 1.5 ya hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama pembeni, ikisubiri cheche. Kesho yake walitoboa tundu jingine usawa wa sakafu bila malipo, ingawa lipu iliyobomoka niliirudishia kwa saruji yangu.

Cha ajabu, watu haohao walikataa kuunganisha jiko nililonunua kwa jamaa aliyehama Dar, mpaka nozeli zake za gesi asilia zibadilishwe, kwa kuwa matundu yake ni makubwa mno kwa gesi ya mtungi na moto ungetoka mrefu, wa njano, wenye masizi. Nitawaita tena kwa nyumba ya mdogo wangu Mbalizi, ila siku ya kutoboa ukuta nitakuwapo.