The Elder Scrolls Online: Ulimwengu Unaobeba Ubishi wa Mashabiki Wake

Kwa anayeipenda Tamriel, bara la kubuniwa la mfululizo wa michezo ya kompyuta ya The Elder Scrolls, swali la kwanza kuhusu The Elder Scrolls Online halihusu ubora wa picha wala wingi wa silaha. Ni kama mchezo huu unaiheshimu historia ambayo mashabiki wamekuwa wakiisoma, kuilinganisha na kuibishania tangu miaka ya 1990. Kwa maoni yangu, unaiheshimu sana pale unapowaachia wahusika wake wabishane wenyewe, na unaidhoofisha pale unapotaka kila mchezaji apite kila mahali bila kukwama.

Ubishi mkongwe zaidi ni ule wa msitu wa Cyrodiil. Kijitabu kilichotolewa mwaka 1998 pamoja na Redguard, mmoja wa michezo ya awali ya mfululizo huu, kiliieleza Cyrodiil, jimbo la katikati ya bara na makao ya dola, kuwa nchi ya misitu minene ya joto yenye utajiri wa mpunga. Oblivion, mchezo mwingine wa mfululizo, ulipotoka mwaka 2006, mashabiki walikuta malisho ya kijani na miti ya nchi za baridi. Wengi waliona wamenyang'anywa nchi waliyokwisha kuijenga akilini. Wengine walijituliza kwa maelezo kwamba Talos, mfalme aliyegeuka mungu, aliibadilisha hali ya hewa ya jimbo hilo kwa uwezo wake. Maelezo hayo yalitosha hadi mwaka 2014, mchezo huu wa mtandaoni ulipotoka ukiwa umewekwa katika mwaka wa 582 wa Enzi ya Pili, yaani kabla Talos hajatawala, na bado Cyrodiil yake haina msitu wa joto.

Wabunifu walilijibu jambo hili ndani ya mchezo wenyewe. Katika rafu za vitabu mchezaji hukuta maandishi mafupi ya msomi aitwaye Lady Cinnabar wa Taneth, anayejibizana na mpinzani wake, Phrastus wa Elinhir, na huyo Phrastus ndiye anayedai kwamba habari za msitu zilitokana na kosa la wanakili wa zamani. Hoja yake sikubaliani nayo hata kidogo, kwa sababu inafuta mojawapo ya picha nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu dola hiyo. Hata hivyo, namna ilivyoletwa naisifu kwa dhati. Jibu limetoka kinywani mwa msomi mmoja wa Tamriel, mwenye jina, mji wake na upendeleo wake, na kwa hiyo mchezaji ana haki kamili ya kusema kwamba msomi huyo amekosea. Huo ndio utaratibu wa mfululizo huu tangu zamani: Daggerfall wa mwaka 1996 ulikuwa na miisho kadhaa inayopingana, na michezo iliyofuata ikatangaza kwamba yote ilitokea kwa pamoja, wakati wenyewe ulipopasuka. Ulimwengu wenye desturi ya namna hiyo hauhitaji msemaji mmoja wa mwisho, na mchezo huu, katika vitabu vyake, umelielewa hilo vizuri.

Vvardenfell, kisiwa kilichoongezwa mwezi Juni mwaka 2017, ndiko nilikoridhika zaidi. Walioucheza Morrowind wa mwaka 2002 wanalikumbuka jiji la Vivec likiwa limekamilika, na majengo yake makubwa ya ngazi ngazi yakiwa yamesimama juu ya maji. Hapa baadhi ya majengo hayo bado yanajengwa. Mchezaji anapita kando ya kuta ambazo hazijafika juu, anawaona vibarua wakiendelea na kazi, na akiinua macho analiona jabali la Baar Dau likining'inia angani, likizuiwa lisianguke na uwezo wa mungu hai ambaye jiji linaitwa kwa jina lake. Shabiki anajua kwamba jabali hilo litaanguka siku moja, katika Enzi ya Nne, na kuliangamiza jiji zima. Kisa kikuu cha kisiwa hiki kinamhusu mungu huyo akipungukiwa na nguvu, na kwa hiyo mtu anayemsaidia anafahamu wakati wote kwamba anaahirisha tu yale ambayo historia imekwisha kuyaandika. Historia haikusimuliwa pembeni. Imewekwa juu ya vichwa vya watu wanaobeba mawe.

Lawama iliyopo juu ya kisiwa hicho hicho ni ya haki. Seyda Neen, bandari ndogo ambayo wachezaji wa zamani walianzia safari yao, inatambulika papo hapo, ingawa kati ya michezo hii miwili pana zaidi ya miaka 700 ya historia. Kijiji kisichobadilika kwa karne saba kinamfurahisha anayekumbuka ujana wake, lakini kinampa tabu anayeichukua kalenda ya Tamriel kwa uzito. Mimi nipo upande wa kalenda.

Muungano wa Ebonheart, mojawapo ya pande tatu zinazopigana katika mchezo huu, nao umezua mabishano makali. Unawaweka pamoja watu wa jamii tatu za Tamriel, Wanord, Wadunmer na Waargonian, na wa mwisho hawa walikuwa watumwa wa Wadunmer kwa vizazi vingi. Mashabiki wengi walipinga, wakisema kwamba uvamizi mmoja kutoka bara la Akavir, wa mwaka 572, usingetosha kuwafanya ndugu wa vita. Nilikuwa na shaka hiyo hiyo, hadi nilipofika mji wa Sadrith Mora. Ukoo wa Kidunmer wa Telvanni ulikataa kujiunga na muungano ukabaki na watumwa wake, na huko anaishi Sun-in-Shadow, mtumwa wa Kiargonian mwenye kipaji cha uchawi, ambaye shabaha yake ni kupanda vyeo ndani ya ukoo huo huo unaommiliki. Eoki, mtumwa mwenzake anayempenda, ndiye anayemwomba mchezaji amsaidie. Kila cheo anachopanda kinamwongezea mchezaji wasiwasi, kwa sababu mtu hajui tena kama anamsaidia kutoka utumwani au kuingia katika safu ya wanaomiliki watu. Kisa hiki kimoja kinauchunguza muungano huo kwa kina kuliko hotuba zote za viongozi wake.

Ubunifu wa ramani unaniletea shida zaidi. Tangu mabadiliko ya Oktoba mwaka 2016, nguvu za maadui hulinganishwa na za mchezaji popote alipo, ilhali zamani ilimbidi amalize simulizi ya upande wake kabla ya kuziona nchi za wengine. Uhuru huo umewaunganisha marafiki waliokuwa wametenganishwa na mipaka, nami sitaki urudishwe nyuma. Lakini kaa wa ufukweni na jini wa chini ya mlima wa Red Mountain sasa wanakaribiana kwa ukali, na mara nyingi adui mkuu hufa kabla hajamaliza vitisho vyake. Wanakijiji wanapomweleza mchezaji kwamba hakuna aliyeingia pango fulani akatoka, naye akalimaliza kwa mapigo machache, simulizi ndiyo inayoonekana kuwa ya uongo.

Vita vya Cyrodiil havina kasoro hiyo, kwa kuwa huko adui ni wachezaji wenzako, na upande unaozishika ngome sita zinazolizunguka jiji kuu humpata mfalme kutoka miongoni mwao. Nyongeza ya Summerset ya mwaka 2018 ni nzuri kwa macho, ila maandishi ya zamani yalitaja majengo kama ya vioo au mabawa ya wadudu, na tulichopewa ni mawe meupe ya kawaida.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, seva zilizopo ni za Ulaya na Marekani Kaskazini pekee. Achague ya Ulaya, ategemee kuchelewa kidogo katika mapambano ya wachezaji wengi, na atenge bando la kutosha, kwa kuwa mafaili yanazidi gigabaiti 80. Ada ya kila mwezi si ya lazima tangu Machi mwaka 2015, na Vvardenfell siku hizi imo ndani ya mchezo wa msingi. Aanzie huko kabla ya kununua nyongeza yoyote, na avifungue vitabu vilivyo kwenye rafu.