Samaki mtamu, lakini nyanyangu walimdhalilisha

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijasema. Kama una mzee nyumbani, usimpeleke kwenye ule mkahawa wa Nyali wenye baraza linalotazama bahari. Jina silitaji. Waliowahi kula pale wataujua.

Tulikwenda baada ya Idi, jamaa wote: nyanya, mama, ami, dada na wanawe. Tulivuka daraja kwa tuktuk, nyanya kavaa buibui jipya. Habari za kungoja meza na chakula kuchelewa naziacha, siku za Idi kila mahali ni hivyo.

Sinia zilipofika, nyanya alimwambia weita kwa upole, "Mwanangu, tuletee maji tunawe." Yule kijana hakusimama hata. "Sinki iko huko juu. Ama mtumie uma, ziko hapo." Nyanya ana magoti mabovu, ngazi haziwezi. Na biriani kwa uma, wapi na wapi? Kwetu watu wakiketi kula, mdogo wa nyumba hupita na birika na beseni, akaanzia kwa wazee. Si mambo ya harusini tu, hata nyumba inayokula mahamri na mbaazi hufanya hivyo.

Basi mpwa wangu, mtoto wa shule ya msingi, akafanya alivyofunzwa. Akatwaa jagi la maji ya kunywa na bakuli tupu, akamnawisha nyanya taratibu, tone halikuanguka. Meneja huyo, mbio: "Nyinyi, hapa si nyumbani kwenu! Wageni wengine wanawaona!" Mbele ya meza zote. Mtoto akaganda na jagi mkononi. Nyanya akajifuta kwa mtandio wake, akanyamaza. Mtu aliyelea nusu ya mtaa wetu, ambaye watu wazima wenye wajukuu humpa shikamoo njiani, anafokewa kwa kunawa mikono! Wageni gani hao wasiofaa kuona mtu akinawa? Mombasa hii hii?

Haki niitoe pia. Samaki wao wa kupaka ni mzuri, wallahi. Changu mzima, kachomwa kwanza kwa makaa, kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, akarudishwa motoni mpaka tui likashika na kuanza kuungua pembeni. Siku hizi wengi humkaanga samaki, wakammwagia mchuzi wa nazi, wakamwita wa kupaka. Hawa hawakutudanganya. Biriani nayo ilikuja inavyopasa, wali mbali, masala mbali, vitunguu vimekaangwa vikakauka. Nyanya, ambaye chakula cha watu hakisifu ovyo, alimla yule changu ikabaki miiba mitupu.

Tena mpishi, mama wa makamo, sijui nani alimpasha habari, alitoka jikoni mwenyewe akachutama kando ya nyanya. "Shikamoo bibi. Tuwie radhi." Moyo wangu ukaanza kutulia. Nikasema basi, yaishe, nitawapa nyota nne.

Ikaja risiti. VAT ya asilimia 16 ni ya serikali, sina neno nayo. Lakini chini yake imeandikwa: huduma, asilimia 10. Huduma! Nikamuuliza meneja huduma ipi, akasema hiyo ni lazima, kompyuta ndiyo inayoiweka. Ningejua pesa hizo zinamfikia yule mpishi ningetoa hata mara mbili. Ami akanikanyaga mguu chini ya meza nisiendelee, akalipa zote kwa M-Pesa.

Kwa hivyo nyota moja, na hiyo ni ya mpishi. Juzi nyanya aliuliza yule samaki tutampata lini tena, na sitamnyima. Nitapita mwenyewe nifungiwe, tule nyumbani mkekani. Kuketi kwenye meza zao siketi, mpaka meneja aje amwombe radhi nyanya kwa kinywa chake. Na amwombe mpwa wangu pia, maana tangu siku ile akiambiwa anawishe wageni huuliza kwanza kama inaruhusiwa, na hilo linaniuma kuliko asilimia zao 10.