Uzoefu wangu: kuzungusha wageni Nairobi kwa gari la kukodi na mwongozaji wa Kibera

Kama unatarajia wageni Nairobi, ushauri wangu ni huu: kodi dereva, lakini njia panga mwenyewe.

Mimi nilikuwa nampokea mama mdogo, mume wake na binti yao, wote wa Mombasa, waliokuja kwa treni ya SGR. Nairobi naipenda sana na nilitaka waione yote. Nikakodi gari na dereva wa kuwachukua stesheni ya Syokimau na kutuzungusha kesho yake. Kwa Kibera, mtaa mkubwa wa mabanda, nikatafuta kijana aliyezaliwa na anayeishi huko.

Dereva alikuwa mtu makini: alifika mapema, gari lilikuwa safi, na hakuendesha kwa fujo. Tatizo ni ratiba ya kampuni yake: twiga, duka la vinyago, hoteli, na kati yao Expressway. Barabara hiyo ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na kweli inaokoa muda. Lakini unapita juu ya jiji. Hapo juu bodaboda na waendao kwa miguu hawaruhusiwi, kwa hiyo huwaoni wafanyakazi wanaotembea alfajiri kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwenda viwandani. Nilimwomba apite chini, Mombasa Road, na akakubali bila kununa. Msongamano tuliukuta, lakini wageni wangu walikuwa wamebandika nyuso dirishani muda wote.

Kibera tulienda asubuhi. Mwongozaji alitupa masharti kwanza: hakuna kumpiga mtu picha bila kumwomba, hakuna kugawa pesa wala peremende kwa watoto, na salamu ni lazima. Hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Alitueleza kuhusu askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliowekwa hapo na serikali ya kikoloni, na jinsi jamii yao ilivyokaa miaka mingi bila hati ya ardhi hadi mwaka 2017. Kwenye reli, baba mdogo alisimama. Alifanya kazi bandarini maisha yake yote. "Hii ndiyo reli yetu," alisema, na ni kweli: njia iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi 1899, na mji ukaota kandokando yake. Sasa inapita katikati ya vibanda vya mitumba na samaki.

Mama mdogo yeye aliguswa na maji. Alimwona mwanamke akinunua mtungi wa lita 20, akapiga hesabu kichwani, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanalipa zaidi yetu sisi wenye mfereji nyumbani?" Ndivyo ilivyo, kwa kila lita. Na mwendo mfupi kutoka hapo kuna nyasi za Royal Nairobi Golf Club, iliyoanzishwa 1906. Sikuongeza neno. Binti yao alitulia zaidi kwenye karakana ya vijana wanaochonga mifupa ya ng'ombe kuwa hereni na vikuku. Alitaka kujua mashine inavyosugua mfupa, na wakamwonyesha kwa furaha.

Mchana tulipita Thika Road, Mathare ya mabanda upande wa kulia na Muthaiga ya matajiri kushoto, lami tu katikati, tukaingia msitu wa Karura. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Maporomoko, mapango ya Mau Mau, vijia vya kutembea chini ya miti mirefu, yote ndani ya jiji. Yapo kwa sababu mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikataa msitu ugawiwe wajenzi. Januari 1999 alipigwa akijaribu kupanda mti hapo. Nilimsimulia binti yetu habari hiyo tukiwa tunatembea, naye akataka kujua kila kitu, hadi Tuzo ya Nobel ya 2004.

Mambo madogo: vaeni viatu vya kufunika, kubalianeni bei na mwongozaji kabla ya kuanza, na mlipeni yeye mwenyewe mkononi. Kampuni ya gari ilitaka kutuuzia ziara ya Kibera bila kutuambia anayetembeza watu hulipwa kiasi gani, nilikataa.

Dereva nampa nyota nne, ratiba ya kampuni yake mbili. Mwongozaji wa Kibera tano kamili, na wageni wengine wakija nitampigia yeye kabla ya kutafuta gari.