TV mpya ya inchi 43 na picha ya HD: uzoefu wangu kuanzia waya hadi dishi

TV niliyonunua ni ya inchi 43, kioo cha 4K, na nimeifunga hapa Dar es Salaam kwa njia tatu: king'amuzi cha dishi, antena ya nje na intaneti. Ningeipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja inayokosekana si kosa la kioo. Tatizo ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: TV ya HD haikupi HD, yaani picha kali yenye nukta nyingi. Inaonyesha unacholetewa, na ukiletewa picha hafifu, kioo kikubwa kinauanika uhafifu wote hadharani.

Hesabu yake ni rahisi. Picha ya kawaida, yaani SD, ina nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Gawanya: kila nukta moja ya SD inatandazwa juu ya nukta 20 za kioo. Ni sawa na kuchukua donge la chapati moja ukalisukuma mpaka lifunike meza nzima. Chogo ya inchi 21 ilificha mengi kwa sababu ilikuwa ndogo na picha yake laini. Ndiyo maana watu hutoa chogo, huweka flati, halafu huapa kwamba wameuziwa feki.

Dukani nako kuna ujanja wake. Video inayokuvutia pale inatoka kwenye flashi, imerekodiwa kwa 4K, na TV imewekwa kwenye hali ya "Store" yenye rangi kali na mwanga wa mwisho. Ukiiwasha nyumbani mara ya kwanza itakuuliza "Home" au "Store". Chagua Home. Aliyechagua Store ataona kila anachokirekebisha kinajirudia chenyewe baada ya muda, na atahangaika bure na rimoti.

Jambo jingine linalochanganya ni neno dijitali. Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi wanaona dijitali na HD ni kitu kimoja. Dijitali ni namna ya kusafirisha picha, HD ni wingi wa nukta ndani ya picha yenyewe. Chaneli inaweza kuwa ya dijitali, isiyo na chenga hata moja, na bado ikawa SD.

Kabla ya kulipa, soma boksi. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda unataka iandikwe DVB-T2 kwa antena, na DVB-S2 kama unataka TV isome dishi bila king'amuzi. TV iliyotoka Marekani ina mfumo wa ATSC, ya Japani ISDB-T. Zote mbili hazitapata hata chaneli moja kwa antena ya hapa, ingawa kwa waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi zinafanya kazi vizuri. Angalia pia lebo ya umeme nyuma. Iliyoandikwa 100–240V haina shida. Iliyoandikwa 100V pekee ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, umeiaga.

Sasa waya, kwa sababu hapa ndipo HD inapofia kwenye nyumba nyingi. Mafundi wengi wa dishi wanafunga king'amuzi kwa waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwa kuwa ndio uliomo kwenye boksi au ndio uliokuwa kwenye TV ya zamani. Ule wa njano hauwezi kubeba zaidi ya SD. Unaweza kuwa na king'amuzi cha HD, kifurushi cha HD na kioo cha 4K, ukaunganisha kwa waya wa njano, na ukabaki na mistari 576 tu. Mimi nilifungiwa hivyo hivyo, na fundi akaondoka akisema picha "itakaa sawa yenyewe". Picha haikai sawa yenyewe. Weka HDMI.

HDMI ya mita moja na nusu au mbili inatosha, na ya bei ya kawaida inafaa kabisa kwa king'amuzi. Usikubali kuuziwa waya ghali ulioandikwa 8K kwa ajili ya picha ya HD ya mistari 1080. Hautaongeza hata nukta moja. Wasiwasi uanze ukipita mita tano au kumi, hasa waya mwembamba: kioo kinazima na kuwaka, au vinatokea vidoadoa vyeupe vinavyometameta. Zima TV na king'amuzi ukutani kabla ya kuchomeka. Nyumba zisizo na ethi nzuri huwa na umeme kidogo kwenye bodi ya king'amuzi na waya wa dishi, na tundu la HDMI ndilo linaloungua kwanza.

Baada ya waya, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha au video. Vingi nilivyovifungua vilikuwa vimewekwa 576 au 720p. Weka 1080i. Kisha nenda kwenye chaneli yenyewe: kampuni nyingi zinarusha chaneli ileile mara mbili, moja SD na nyingine HD, kwa namba tofauti, na rimoti inakupeleka kwenye ile uliyozoea. Kwingine HD haimo kwenye kifurushi cha chini, kwa hiyo uliza namba kamili ya chaneli kabla ya kulipia, usiulize tu "mna HD?" Na usidanganywe na kitufe cha Info kwenye rimoti ya TV: kitakuonyesha 1920x1080 kwa sababu king'amuzi kinatuma hivyo, hata kama chaneli ni SD iliyovutwa. Kipimo changu ni maandishi madogo: majina ya wachezaji, matokeo pembeni ya kioo, maandishi yanayopita chini. Kwenye HD kingo za herufi zimekatika vizuri. Kwenye SD zina ukungu unaozizunguka.

Dishi lina mambo mengi zaidi, na ndilo linalotofautisha HD ya kiangazi na HD ya masika.

Azam TV inapatikana kwenye setilaiti iliyoko digrii 7 mashariki, DStv kwenye digrii 36 mashariki. Ukiwa Dar es Salaam, digrii 7 maana yake dishi linatazama magharibi, likipinda kidogo kaskazini, karibu digrii 280 kwenye dira, na mwinuko wa digrii 52 hivi. Digrii 36 iko karibu utosini, mwinuko wa digrii 81. Usishangae dishi likionekana limesimama kuliko hapo: madishi haya ya kawaida yana LNB, yaani kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi, iliyowekwa chini ya kitovu, kwa hiyo linatazama juu zaidi ya linavyoonekana kwa macho.

Dishi la sentimita 90 lina uvumilivu mdogo. Ukingo wake ukisogea milimita 8 tu, umehama digrii moja, na hapo mawimbi yameshashuka vibaya. Kwa hiyo bomba la kufungia lisimame wima kwa pima maji, na boliti zikazwe zote baada ya kupata kipimo, si moja kaza nyingine acha. Ukaze polepole ukitazama kipimo, kwa sababu kukaza kwenyewe kunalisogeza dishi.

Kwenye menyu ya king'amuzi, kipimo cha kufuata ni Quality, wala si Strength. Strength inakwambia kuna mawimbi ya namna fulani. Hata LNB iliyochoka inaweza kukupa Strength nzuri. Quality ndiyo inayosema kama king'amuzi kinaelewa. Namba hutofautiana kwa kila king'amuzi, lakini mimi fundi akiniachia chini ya 70 siku ya jua simlipi bado, namwomba alisogeze tena na azungushe LNB kidogo kidogo kwenye kishikio chake. Mawimbi ya dishi hizi yako kati ya 10.7 na 12.75 GHz, na matone ya mvua yanayameza. Usipokuwa na akiba, wingu la kwanza la masika linakuachia picha ya vigae.

Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: mvua ikianza, chaneli za SD zinaendelea, za HD zinaganda. King'amuzi si kibovu. Chaneli za HD mara nyingi hurushwa kwa mfumo unaobana data nyingi zaidi katika nafasi ileile, na mfumo huo unadai mawimbi safi zaidi. Tiba ni dishi kubwa zaidi au lililopangwa vizuri. Kutoka sentimita 60 kwenda 90 si nyongeza ndogo. Eneo linalokusanya mawimbi linakuwa mara 2.25.

Waya wa dishi uwe RG6, na konekta zake ndizo ninazozikagua kwanza picha inaposumbua. Fungua konekta utazame: sindano ya shaba itokeze milimita mbili au tatu kupita mdomo wa konekta, inyooke, ing'ae. Nyuzi za wavu wa nje zisiiguse hata moja. Unyuzi mmoja mwembamba kama unywele ukigusa sindano, LNB inakosa umeme. Konekta ya nje ifungwe kwa mpira wa kuzuia maji, kwa sababu maji yakiingia hutambaa ndani ya waya, na ukikata utakuta shaba imegeuka nyeusi au kijani. Waya wa namna hiyo kata utupe. Usiunganishe kwa kusokota na selotepu.

Kama zimepotea nusu ya chaneli na nusu zipo, fikiria umeme wa LNB. King'amuzi kinatuma volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya mlalo. Waya mrefu wenye konekta mbovu unazila zile 18 njiani, LNB inabaki kwenye wima, na chaneli zote za mlalo zinatoweka kwa pamoja. Fundi asiyejua atakubadilishia king'amuzi. Anayejua atabadilisha konekta mbili na kuondoka.

Antena ya nje nayo nimeifunga, moja kwa moja kwenye TV: menyu ya chaneli, chagua antena, nchi, kisha tafuta zenyewe. Inasoma chaneli za bure tu; zilizofungwa zinahitaji king'amuzi chake. Picha ni safi, ila nyingi ni SD, kwa hiyo usiinunulie matumaini ya HD. Kama antena ina busta (kikuza mawimbi) ndani na huna adapta yake, tafuta kwenye menyu sehemu ya kuipa antena volti 5. Walio karibu na mnara wasitumie busta: mawimbi yakizidi, picha inakatika vilevile kama yakipungua.

Kwa HD ya uhakika, intaneti imeshinda njia zote kwa ubora, ila imenishinda kwa gharama. Netflix wanapendekeza Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Matumizi ni hadi GB 3 kwa saa kwa HD na GB 7 kwa 4K, kwa hiyo bando la GB 10 kwa HD ni saa tatu na ushee, na kwa 4K hata filamu moja ndefu inaweza isiishe. Mwenye fiba isiyo na kikomo afurahie. Mwenye bando la simu aingie kwenye mipangilio ya programu apunguze ubora mwenyewe, asisubiri liishe. Ruta ikiwa chumba kingine tumia Wi-Fi ya GHz 5 kama ukuta ni mmoja, GHz 2.4 kama kuta ni nyingi, au vuta waya wa LAN umalize ubishi. Vile viboksi vya Android vya bei chee vilivyoandikwa 4K kifuani, visipokuwa na idhini ya Netflix, vinaonyesha Netflix kwa SD, hata intaneti ikikimbia vipi. Programu iliyomo ndani ya TV yenyewe ni bora.

Marekebisho ya kioo ni dakika tano. Ukubwa wa picha weka ule usiokata kingo. LG huuita Just Scan, Samsung Fit to Screen. Usipouweka, TV inavuta picha kidogo na kukata pembeni, na sehemu ya ukali wa HD inapotea hapo. Sharpness teremsha: ikiwa juu inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu. Ulainishaji wa mwendo zima kwa filamu, uache kidogo kwa mpira ukiupenda.

Kuhusu 4K yenyewe, kwa inchi 43 jicho zuri linaacha kutofautisha nukta za 1080 ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi. Sebule zetu kochi liko mita tatu. Kama bei zimetofautiana sana na hutumii intaneti, Full HD (1080) ingekutosha.

Mwisho, kuna vipindi ambavyo havitakuwa HD hata ufanye nini. Alama ya HD kwenye kona inasema chaneli inarushwa kwa HD, haisemi kamera ilikuwa ya HD. Filamu ya zamani au taarifa iliyopigwa miaka ya kanda itakuja na mistari myeusi kulia na kushoto, umbo la 4:3. Iache hivyo. Ukibonyeza Zoom ili ijaze kioo, utakata vichwa vya watu na kuzivuta tena zile nukta ambazo tayari ni chache.