Uzoefu wangu: kuthaminisha bunduki ya gumegume ya Pennsylvania

Marehemu baba mkwe wangu alituachia bunduki ndefu ya gumegume (inayowasha baruti kwa cheche za jiwe) ambayo ukoo mzima uliamini imetoka mikononi mwa Jacob Dickert, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Lancaster, Pennsylvania, na kufariki mwaka 1822. Kabla ya kugawana urithi, mke wangu nami tuliipeleka kwa mthamini wa silaha za kale.

Kilichonipa imani mapema ni malipo: alitoza ada moja tuliyokubaliana, si asilimia ya thamani, na hakuwa tayari kuinunua yeye mwenyewe.

Nilidhani angeanza na jina lililochongwa juu ya kasiba, yaani mtutu, lakini hakulitazama. Alichomoa mdeki, fimbo ya kushindilia baruti na risasi, akapima kina cha kasiba kuhakikisha hamna baruti wala risasi, kisha akafungua mtambo wa kufyatulia. Nyuma yake, ubavuni mwa kasiba, akatuonyesha kiraka cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Bunduki nyingi za aina hii zilibadilishwa kuwa za fataki (kifuko kidogo kinacholipuka kikigongwa) katika karne ya 19. Hii yetu nayo ilibadilishwa, kisha baadaye ikazibwa kwa kiraka hicho, ikatobolewa tundu jipya la kupitishia moto na kurudishiwa gumegume, marekebisho ambayo hupunguza bei.

Ndipo akashika lenzi. Kutu ilikuwa imekula uso wa kasiba kwa vishimo vidogo vidogo, lakini herufi za jina zilivikata vishimo hivyo, kingo zake zikiwa bado kali na ndani yake chuma kikiwa cheupe: jina lilichongwa baada ya kutu. Mke wangu alinyamaza kitambo, na mthamini, kwa adabu ninayomshukuru hadi leo, hakumharakisha.

Kitako ndicho kilichotufariji. Mbao yake ya mti wa mepo (maple) yenye mawimbi ilikuwa imenywea kwa umri, hata bamba la shaba la kisigino chake limechomoza kidogo kuizidi, jambo ambalo mwigaji hapati kwa urahisi. Hati yake inasema ni kazi halisi ya Pennsylvania ya mwanzo wa karne ya 19, fundi hajulikani.

Kasoro ni kwamba hati ilichelewa wiki tano, tena bila picha ya kiraka, nikalazimika kuidai, kwa kuwa bila picha hiyo warithi wengine wasingekubali maelezo yetu. Alituonya pia tusiing'arishe shaba, nasi tumeiacha na weusi wake.