Uzoefu wangu: mwalimu wa piano aliyenikubalia Beethoven tangu somo la kwanza

Nilimwendea mwalimu huyu na ombi moja: nataka kupiga sehemu ya kwanza ya Moonlight Sonata ya Beethoven kabla mwaka haujaisha. Piano nilikuwa sijaigusa maishani, ila nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia tangu ujana. Mwalimu mwingine niliyempigia simu kabla yake alinitaka nianze na nyimbo za watoto, Beethoven tutazungumza baada ya miaka miwili. Huyu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa dada, tutaipiga. Ila utafuata utaratibu wangu."

Utaratibu huo ndio ninaousifia. Muziki huu, ulioandikwa mwaka 1801, unamfaa mtu mzima anayeanza kwa kuwa unakwenda polepole. Ugumu wake umejificha kwenye mkono wa kulia, ambao una kazi mbili kwa wakati mmoja: vidole vya chini vinapiga nota tatutatu bila kukoma, huku kidole kidogo kikibeba melodia juu yake. Ongeza shapu nne (alama za kupandisha nota nusu hatua), mtu mgeni anachanganyikiwa kabla hata hajaanza.

Alianza na nilichokuwa nakijua. Aliniambia niimbe mi-la-do, mi-la-do, kisha akanionyesha kwamba mwanzo wote ni huo. Baadaye akaniambia nisizipige zikifuatana bali nizishike zote tatu kwa pamoja, nihame tu pale zinapobadilika. Hapo nikaona kwamba ukurasa uliojaa nota una mishiko michache tu ya mkono. Melodia ilipoingia (mi ileile, juu kidogo), alinifanya nipige kidole kidogo kwa nguvu na vingine nigusie tu bila kutoa sauti. Zoezi hilo linachosha mkono kuliko linavyoonekana, lakini ndilo lililonipa melodia inayosikika.

Mkono wangu ni mdogo, na kuna mahali pa kutanua vidole kupita oktavi (umbali wa nota nane). Hakunilazimisha. Nota ya chini aliihamishia mkono wa kushoto, sauti ikabaki ileile.

Jambo jingine nililomheshimu nalo ni kwamba hakunificha habari za pedali, kile kikanyagio cha mguu kinachoacha sauti idumu. Beethoven aliagiza sehemu yote ipigwe nyuzi zikiachwa huru, lakini piano za siku hizi sauti yake inadumu zaidi kuliko za wakati wake. Ukishikilia pedali mwanzo hadi mwisho unapata uji. Kwa hiyo tunaiachia na kuikanyaga tena kila mkono wa kushoto unapohama. Nilipenda kuelezwa sababu. Mtu mzima akijua kwa nini, anafanya mazoezi nyumbani bila kusukumwa.

Kabla ya hapo nilijaribu programu ya simu, ile ya taa zinazoshuka kwenye vibonyezo. Toleo lake la muziki huu lilikuwa limepunguzwa na kuhamishiwa ufunguo mwingine, na ukiizima simu hubakiwi na kitu mkononi, kwa sababu hakuna nota uliyoisoma.

Kasoro zipo. Haandiki kazi ya nyumbani, inabidi uende na daftari lako. Piano yake ni ya nyuzi, na unyevunyevu wa Dar umeipata: vibonyezo viwili vya juu vinakwama. Na anapenda hadithi, dakika kumi za somo zinaweza kwenda hivyo. Kwa Sh 30,000 kwa saa, ningependa aangalie saa.

Angalizo kwa anayetaka kununua kinanda: kile cha kawaida cha vibonyezo 61 hakitoshi kwa muziki huu. Mkono wa kushoto unashuka nje yake kwenye kipimo (kifungu kifupi cha nota) cha pili tu. Tafuta cha vibonyezo 88 chenye pedali, hata kikiwa cha mitumba.

Mpaka sasa napiga karibu nusu ya vipimo 69, mikono yote miwili, kwa mwendo wa taratibu kuliko unavyotakiwa, na kila nota naisoma mwenyewe. Mwaka bado haujaisha. Sehemu ya tatu, ile ya kasi, amenikatalia waziwazi, na naona ana haki.

Nafasi zake za jioni zimejaa. Jumamosi asubuhi bado zipo.